Karani wa Nchi ya Miezi Mitano: Maisha ya Marehemu Wakui Tatsugoro

Waheshimiwa watawa, majirani zetu wa Kameda, wakata barafu wenzake marehemu, ndugu na jamaa mliokanyaga theluji tangu asubuhi ili kufika hapa, kwa niaba ya ukoo wa Wakui, mimi mkwewe, mume wa binti yake Misao, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Wakui Tatsugoro, nao wenye msiba wameniagiza nisome yote, hata yale ambayo yeye mwenyewe aliyasema kwa sauti ya chini.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1847, katika mtaa wa Honjo, mjini Edo, ambao siku hizi tunauita Tokyo, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Wakui Jinzaemon, samurai wa ngazi ya chini aliyelinda maghala ya mchele ya shogun, mtawala wa kijeshi wa nchi, na mkewe, Bi. Mine. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, hivyo akalelewa na mama pamoja na kaka yake Kennosuke, aliyemzidi miaka tisa, ambaye ndiye aliyemfundisha kuogelea, kushika upanga, na kumdanganya mtu bila kucheka.

Mwaka 1854 alianza masomo kwa mwalimu wa mwandiko wa mtaa wao, akajulikana kwa mkono mzuri na wa haraka, na mwezi Aprili 1864 akaajiriwa kuwa karani katika jeshi la majini la shogun, ambamo kaka yake alikuwa tayari ni afisa. Utawala wa shogun ulipoangushwa na jeshi la mfalme mwaka 1868, na sehemu ya meli zake ikakataa kusalimu amri, ndugu hao wawili walipanda meli kuelekea kaskazini mwanzoni mwa Oktoba, na marehemu alitusimulia mara nyingi jinsi mama yao alivyosimama gatini bila kulia, akasema, “Kennosuke, nirudishie mdogo wako. Wewe ni mkubwa, utajirudisha mwenyewe.”

Walishuka katika kisiwa hiki, ambacho wakati huo kiliitwa Ezo, mapema Desemba 1868, theluji ikiwafika magotini, wakaiteka ngome hii yetu yenye pembe tano, na hapo wakaanzisha nchi yao wenyewe, yenye serikali yake, bendera yake, na hata walimu wa kijeshi kutoka Ufaransa, ambao mmoja wao, sajini mwenye ndevu nyekundu, aliwafunza kutembea kwa hatua sawa akipiga kelele “eng, de, eng, de,” yaani moja, mbili kwa lugha yake, maneno ambayo marehemu hakuyasahau mpaka uzee, na ambayo wakata barafu wake waliyatumia kila walipovuta msumeno.

Tarehe 27 Januari 1869, maafisa wa nchi hiyo walichagua viongozi wao kwa kura, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na marehemu, ingawa cheo chake hakikumruhusu kupiga kura, aliwekwa kuwa karani wa kuzisoma. Asubuhi ile Kennosuke, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeganda kwa zamu ya ukutani, alimpa karatasi yake, akamwambia, “Niandikie wewe, yeyote unayemtaka.” Marehemu akaandika, akaikunja, na saa ya kuhesabu ilipofika, katikati ya majina makubwa ya makamanda, ikambidi alisome kwa sauti mbele ya ukumbi mzima jina la Wakui Kennosuke, kura moja.

Ukumbi ukaangua kicheko. “Huyu amejipigia mwenyewe!” akasema afisa mmoja, naye Kennosuke akawa mwekundu kama kaa aliyechemshwa, asijitetee hata kwa neno moja, na walipotoka nje akamkaba mdogo wake shingo, wakaanguka wote wawili kwenye theluji. “Mjinga wewe, je, ningeshinda?” “Tungekula vizuri, kaka.” Baba alikuwa akisema kwamba katika miaka yake yote hakuwahi tena kucheka kama siku ile, na kwamba akiikumbuka nchi ile, hakumbuki bendera wala mizinga, anakumbuka uzito wa kaka yake juu ya kifua chake.

Kennosuke alipigwa risasi katika vilima vya Futamata tarehe 25 Mei 1869, akiwa na umri wa miaka thelathini na moja, akazikwa kando ya njia, na tarehe 27 Juni, miezi mitano kamili tangu siku ya kura, ngome ilijisalimisha. Marehemu ndiye aliyeketi langoni kuandika orodha ya waliotoka, karibu watu elfu moja, na alipofika kwenye jina lake mwenyewe, mkono ukaandika kwanza jina la kaka yake, kwa mazoea ya kumtanguliza, akalazimika kulifuta mbele ya askari wa mfalme waliokuwa wakisubiri.

Alifungwa katika hekalu moja huko Hirosaki hadi masika ya 1870, akaachiliwa, akaenda kwa miguu hadi Suruga, walikohamishiwa watu wa shogun, akakuta mama yake amefariki Desemba iliyotangulia. Majirani walimwambia kwamba alikuwa ameshapata habari za Kennosuke, na kwamba aliwaachia vazi la baridi alilomshonea yeye, mwanawe mdogo, kwa vipimo vyake, lenye nafasi mabegani, kwa kuwa aliamini atakuwa amenenepa.

Agosti 1871 alirudi huku Hakodate, mji wa ngome hii, apate kulitunza kaburi la kaka yake, na ndipo alipokutana na Bi. Tose, binti wa mfanyabiashara wa mwani, ambaye nyumba ya kwao iliteketea kwa mizinga ya vita ile. Mama yetu huyu, aliyetutangulia mwaka 1908, hakuwa mtu wa kuficha neno. “Nchi yenu imedumu kidogo kuliko figili zangu za chumvi za pipani,” alimwambia siku ya kwanza, na baba alipojitetea kwamba nchi ile ilipiga kura, akamjibu, “Mlipiga kura nyinyi wenye panga. Mimi mlinipiga mizinga.” Katika miaka ya baadaye marehemu aliongeza mwenyewe kwamba hata Waainu, wenye kisiwa hiki tangu kale, hakuna aliyewauliza. Walifunga ndoa tarehe 3 Novemba 1873, wakajaliwa watoto watatu, Shukichi mwaka 1875, Misao mwaka 1878, na Nui, aliyezaliwa 1881 na kuchukuliwa na surua akiwa na miaka mitatu.

Tangu majira ya baridi ya 1872 alifanya kazi ya kukata barafu katika mfereji uleule unaoizunguka ngome, barafu iliyosafirishwa hadi Tokyo na kusifiwa kwa weupe wake. Siku ya kwanza alisimama ukingoni na msumeno, asishuke. Tose, wakati huo wakiwa bado wachumba, alikuwa amemletea matonge ya wali. “Hapa tuliapa kufa,” baba akamwambia. “Na hukufa,” akasema Tose. “Sasa shuka, wenzako wanakungoja, na chakula kinaganda.” Akashuka, akafanya kazi hiyo miaka thelathini na minane, ishirini kati ya hiyo akiwa msimamizi.

Mwaka 1879 mfereji uliposafishwa, vijana wa kazini waliopoa upanga uliotupwa na mtu fulani siku ya kujisalimisha, wakamletea wakidhani atalia. Aliufuta matope, hakutazama jina la mwenyewe, akaupeleka kwa mhunzi ukafuliwa koleo la kunyanyulia barafu, na koleo hilo lipo kazini mpaka leo.

Tarehe 14 Novemba 1912 alipatwa na kiharusi akiwa anasafisha kaburi la Nui, akapoteza nguvu za upande wa kulia, na tarehe 9 Februari 1913, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani, mikononi mwa Misao, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Tunamshukuru daktari wetu, aliyekuja kwa sleji hata barabara zilipofungwa na theluji, tunawashukuru majirani wa Kameda kwa kuni na supu, na wakata barafu, ambao leo wamesimamisha misumeno katikati ya msimu. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Mzee Nagai Sozaemon, aliyeingia Hakodate mwaka 1869 na jeshi la upande wa pili, ambaye katika ugonjwa huu alikuja kila asubuhi kumnyoa marehemu ndevu, akisema mkono wake unajua shingo za watu wa Edo, na baba akicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Jana Mzee Nagai, mwenye miaka sabini na minne, alitujia akaomba asiachwe nyuma, abebe jeneza mbele, upande wa kulia, na familia imekubali.

Baba, kazi imekwisha, nasi tumekuja kukusindikiza, pumzika sasa kwa amani.