Viatu vya Mdogo Wake Nerea

Basi la Bilbao lilikuwa halijaondoka vizuri, Bibi Edurne akamwona mama aliyekaa kando yake amepakata viatu vidogo vipya. Binti yake wa miaka mitano alikuwa dirishani anakula chenza. "Hivyo havimwingii huyu," bibi akasema, maana ulimi wake haujui likizo.

"Ni vya mdogo wake, bibi. Huyu Nerea tulimwasili kutoka Vietnam, akawa mwanetu, na mwingine tunamsubiri kutoka hukohuko. Kesho wanakuja Wafalme Watatu, wale Mamajusi, na zawadi za watoto; lazima naye awe na viatu dirishani vya kuwekewa zawadi."

"Mwaka jana mliweka?"

"Tuliweka. Vimeshakuwa vidogo."

Kitendawili gani hiki, bibi akawaza: viatu vinakua, miguu haijafika! "Mwanangu, utamvunja moyo mtoto."

Nerea akadakia, mdomo umejaa chenza: "Wafalme si wanatoka mashariki? Na mdogo wangu yuko mashariki. Nimewaandikia wampitie."

Mama akacheka huku anajifuta macho. Bibi akamnong'oneza, "Na wasipompitia?"

"Tutanunua vikubwa zaidi," akajibu, na basi likasimama kituoni kwao.