Mshono wa Ndani

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio. Fundi cherehani aliyekaa mbele yangu, futi bado shingoni, alikuwa akimwambia mama wa pembeni yake kwamba leo haendi hospitali kutundikiwa dripu.

"Kama mwili una askari wa kinga, mama, mbona saratani hawakuiona mapema?"

"Si mgeni huyo. Ni mtoto wa nyumbani aliyeharibika." Mama alimaliza dripu zake mwaka juzi, na alizungumza kama mwenye nyumba. "Wewe shati bandia unalijuaje?"

"Naligeuza. Mshono wa ndani haudanganyi."

"Basi ndivyo hivyo. Kila seli hutoa nje vipande vya kilichomo ndani yake, askari wavikague. Wakiona kibaya, wanaiua. Sasa saratani ikibanwa inawabembeleza: tulieni, jamani, sisi ndugu. Dawa ya dripu inaiziba mdomo tu."

"Na askari wakichachamaa, wakachana nguo nzima?"

"Hutokea. Ndiyo maana wanakupima kila mara. Na si wote inawafaa, sikufichi. Mimi ilinifaa."

Fundi akasema bado hajashawishika. Kituo changu kilikuwa kimeshapita, lakini ningeshukaje?

Basi liliposimama hospitali, fundi akainuka. "Nashuka kuwaambia tu kwamba siji tena."

"Kawaambie, mwanangu," mama akasema, akimpisha.

Akashuka hana haraka. Mkono wa shati alikuwa ameshaukunja hadi juu ya kiwiko.