Maharage ya Nyuma ya Maabara

Leo, tarehe 2 Julai, Maman Valérie Bulonza anastaafu baada ya kufundisha kemia kwa miaka thelathini na miwili katika Lycée Mwangaza, hapa Bukavu. Sisi wa kikundi chake cha roketi tunamwandikia haya kwa upendo.

Maman ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Luberizi. Chuoni alijifunza kwamba mafuta mengi ya roketi yana nguvu kubwa na sumu kali, hata wanaoyajaza hulazimika kufunika mwili mzima. Akajiuliza kama ni lazima nguvu na sumu ziende pamoja. Swali hilo ndilo alilotuletea darasani.

Alikuwa na desturi yake. Kila baada ya jaribio tuliosha bomba la roketi, na kwa maji hayo tulimwagilia maharage nyuma ya maabara. Maharage yakinyauka, mchanganyiko ule wa mafuta unaachwa. Alituahidi mbele ya préfet, mkuu wa shule, kwamba hatatoka shuleni kabla hajala sahani moja ya maharage hayo.

Miaka mitatu iliyopita roketi yetu ilipita juu ya mikaratusi ya shule. Tulicheza mpaka viatu vikajaa vumbi. Wiki iliyofuata majani yakawa ya manjano, naye Maman akafungia mchanganyiko ule kabatini. Akonkwa, mkubwa wetu kwa umri, alikasirika.

«Maman, si iliruka! Maharage inatuhusu nini?»

«Mutoto wangu, mvua ikiosha huu udongo, maji inashuka wapi?»

Sote tukageuka tukatazama ziwa kule chini. Akonkwa ndiye aliyekwenda kutafuta mbegu nyingine.

Kazi ikaanza upya. Michanganyiko mipya haikuwa na sumu, lakini pia haikuwa na nguvu. Roketi moja iliishia katika shamba la sombe, majani ya muhogo, la jirani yetu Maman Bibiane, naye akatuuliza kama tunamsaidia kuvuna. Siku nyingine tulisahau kuwaarifu majirani. Katika mji wetu, uliozoea risasi, mlio si jambo dogo: maduka yalifungwa, watu wakakimbilia ndani. Maman Valérie alipita mlango kwa mlango kuomba radhi. Tangu hapo, kila jaribio linapokaribia, hutangulia yeye mwenyewe kuwaambia: «Kesho mutasikia mulio. Musikimbie, ni batoto banasoma.»

Mwaka huu ulipoanza tulianza kuogopa mioyoni: Maman ataondoka, na sahani itabaki tupu. Yeye alizidi tu kufika maabara mapema, akikohoa kidogo, na kitenge mabegani.

Mwezi wa tatu tulijaribu mchanganyiko wa mwisho. Roketi ilipanda polepole, kama inayoomba ruhusa, kisha ikapita mikaratusi. Safari hii hakuna aliyecheza. Tulisubiri maharage. Majani yalibaki ya kijani, maua yakatoka, maganda yakajaa. Maabara ya chuo kikuu ikapima mbegu na kusema zinalika.

Asubuhi hii Maman Bibiane ameyapika maharage hayo kwa mawese. Ni sufuria ndogo. Sahani ya kwanza ni ya Maman Valérie, nasi tutanyamaza mpaka aimalize.

Maman, aksanti. Mbegu chache hatukuzipika. Mwezi wa tisa tutazipanda palepale, na tutamwagilia kama ulivyotufundisha. Mungu akupe miaka mirefu, magoti yasiyouma na bustani yenye rutuba. Ukisikia mlio kutoka upande wa shule, usikimbie. Ni sisi, tunasoma.