Otylie Vlčková, Aliyeimbia Roshani ya Juu

Marehemu dada yetu Otylie alizaliwa Domažlice tarehe 9 Machi 1906, binti wa fundi viatu Matouš Řehák. Mama alizoea kusema theluji siku ile iliziba mlango. Baba alikataa, na ubishi huo hawakuumaliza.

Alisoma shule ya mji hadi darasa la nane. Kuimba alifundishwa kanisani.

Mwaka 1925 alijiunga na kikundi cha opereta huko Plzeň, ile michezo ya nyimbo na vichekesho. Waliokaa roshani ya juu, wale wa tiketi rahisi, wasipomsikia mwimbaji walipiga miluzi, basi Otylie aliwaimbia wao kwanza.

Mwaka 1932 mchezo wao mmoja ulifanywa filamu ya sauti mjini Praha, naye akapewa nafasi kubwa. Akaimba alivyozoea. Mwongozaji akasimamisha kazi. “Bibi, unaniharibia vyombo vya sauti. Kesho ikiwa hivi, nafasi nampa mwingine.”

Fundi wa sauti, Bohdan Vlček, alivua visikilizio vya masikioni akamfuata. “Dada Otylie, kule juu unamwimbia nani? Hakuna mtu.”

“Kwani wewe hunisikii?”

“Nakusikia mpaka meno yananiuma. Niimbie mimi tu, nimekaa hapa.”

Kesho yake alimwimbia yeye tu, na nafasi haikutoka mikononi mwake. Filamu ilipofika kwetu, mama aliitazama hadi mwisho, akasema, “Kafanana na Otylie, lakini wangu ana kelele.”

Walifunga ndoa tarehe 20 Mei 1933, wakapata binti, Drahomíra. Aliendelea na jukwaa, kisha akafundisha watoto kuimba.

Mwaka 1968 aliugua saratani ya koo. Daktari alieleza wazi: akipasuliwa atapona kwa muda, ila sauti haitarudi. Bohdan alisema, “Mama Drahomíra, sauti ni yako. Mimi siamui.”

Akajibu, “Kuimba nimeimba. Kukaa na wewe bado sijatosheka. Wakate.”

Waliishi hivyo miaka mitatu, yeye akisema kwa midomo, Bohdan akimtazama usoni. Hata kugombana waligombana, kimya, supu ikipoa mezani. Bohdan anasema katika ndoa yao yote hawakuongea sana kama miaka ile.

Alifariki nyumbani Plzeň tarehe 2 Novemba 1971, mchana.

Ameacha mume wake Bohdan, binti yake Drahomíra, wajukuu wawili, nami mdogo wake Alois ninayewasomea haya. Mungu ampokee dada yetu, apumzike kwa amani.