Marehemu Aidan Nathanieli Challe, Aliyebeba Mji kwenye Laini Moja

Padri, wazee wa Chiwanda, ndugu na jamaa, na nyinyi wateja mliotoka Mbinga: haya ni maisha ya mtu tunayemlaza leo, Ijumaa tarehe 28 Juni 2024. Familia imeomba yasomwe yote bila kurukwa. Aliyeyaandika ni dada yake Lidia, na Lidia hajawahi kusifiwa kwa ulimi laini. Wapo watakaofunua ukurasa wa mwisho kwanza, kutafuta jambo wanalolijua wenyewe. Wavumilie, lipo.

Aidan alizaliwa hapa hapa Chiwanda tarehe 14 Agosti 1971, kitinda mimba wa marehemu Nathanieli Challe, mvuvi na katekista, na marehemu Mama Agnesi. Mitumbwi ilipoingia na usipa, dagaa wa ziwa letu, watoto wenzake waligombea wa kuchoma. Yeye alikaa mchangani akiwagawia wavuvi mafungu, na mtu mzima aliyejizidishia alirudishwa mbele za watu. Padri wa wakati ule akamwita Zakayo, na jina likashika. Mama yake hakulipenda. Alikuwa akisema, "Zakayo alichukua vya watu. Huyu wangu ndiye watakayemchukua." Tulidhani mama anatania.

Alisoma shule ya msingi hapa kuanzia 1979 hadi 1985, kisha sekondari Songea hadi 1989. Siku anaondoka, mama alimfungia usipa mkavu kwenye kitenge. Bweni zima lilinuka, wenzake wakamcheka kwa wiki nzima, na wakaumaliza wote wao. Baada ya miaka kadhaa ya kuvua na baba alikwenda Mbeya kusomea uhasibu, akamaliza mwaka 1994.

Alianza kazi Mbinga mwaka 1995 kama karani katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa. Huko ndiko alikomwona Tadea, binti wa Mzee Bernadi Ndunguru wa Mapera, aliyekuja na baba yake kupima kahawa. Mzee aliuliza swali ambalo watu wa milimani hutuuliza siku zote sisi wa ziwani: "Huyu samaki atalima nini?" Tadea akajibu, "Atalima karatasi, baba." Walifunga ndoa parokia ya Mapera tarehe 6 Oktoba 2001, Mwanglikana na Mkatoliki, na pande zote mbili zikanung'unika kwa adabu. Walijaliwa watoto wawili, Glorious na Elias.

Mwaka 2008 alifungua ofisi yake nyuma ya soko, chumba kimoja cha kupanga, meza na benchi, akawa anawaandalia watu ritani zao za kodi. Msioijua kazi hiyo, iombeeni. Kodi ikishuka, mteja anamshukuru Mungu. Ikipanda, anamfuata Challe. Wenye maduka walifunika bidhaa akipita kununua nyanya, kana kwamba ametumwa na serikali. Mteja alikuja siku ya mwisho na mfuko wa rambo uliojaa risiti zilizoloa, akaumwaga mezani na kusema, "Utajua mwenyewe, Bwana Challe." Umeme ukikatika, kosa lake. Mtandao ukigoma, kosa lake. Mtu alimtajia nusu ya mauzo, na ile nusu nyingine ilipoonekana, akatangaza sokoni kwamba Challe hajui kazi.

Mkwe wake mwenyewe, marehemu Mzee Bernadi, alimletea risiti za mwaka mzima zikiwa nyeusi tii. Alikuwa amezitunza juu ya moto, kwenye kichanja cha mbegu ya mahindi, na karatasi za mashine hazipatani na joto.

"Baba, hapa hakuna kinachosomeka," Aidan alimwambia.

"Mbegu inakaa pale hadi mvua za mwaka wa pili na haiguswi na mdudu," mzee akasema. "Karatasi ina ujanja gani wa kuishinda mbegu?"

Aidan alicheka hadi akakaa chini. Kisha alikwenda Kitai, akapita kwa kila aliyemuuzia mzee magunia na dawa za kahawa, akaomba nakala moja moja. Mzee hakuambiwa hata siku moja jinsi kosa lile lilivyokuwa kubwa. Ndivyo alivyokuwa, na ndivyo alivyojimaliza.

Maana mambo yalipohamia kwenye mtandao, kila mlipakodi alitakiwa kuandikisha namba yake ya simu. Ukitaka kuingia kwenye akaunti yako, namba za siri zinatumwa kwenye simu hiyo, na zinaisha nguvu kabla chai haijapoa. Wateja wa Aidan walikuwa watu wa kupoteza simu shambani na kununua laini mpya mnadani. Mama mmoja wa genge alimwambia, "Weka yako tu, baba, mimi nitapotea." Akaweka yake. Ya huyo aliiweka kwa huruma, ya waliofuata kwa kuchoka kubishana, na zilizobaki, tuseme kweli mbele ya jeneza, kwa kujisikia. Alipenda kuambiwa kwamba Mbinga nzima iko mfukoni mwake. Lidia alimwambia, "Mdogo wangu, hujaubeba mji. Mji umekufunga kamba." Akacheka pia, lakini kidogo.

Tangu hapo hakuwa na pa kwenda. Mfanyabiashara akitaka kuwasilisha ritani, akitaka hati ya leseni, akitaka kujua tu anadaiwa nini, namba zinaingia kwa Aidan na Aidan anazisoma kwa sauti, kama mwalimu wa chekechea. Alizisoma kanisani. Alizisoma akiwa chooni, na watoto wake ni mashahidi. Chiwanda, mnajua wenyewe mtandao wetu ulivyo, hakuja. Mama Agnesi alikuwa amelala mgonjwa, anamtaja yeye tu, na kila Lidia alipopanda mwamba wa kanisani kutafuta mtandao alijibiwa, "Dada, nimalizane na hawa wa mwezi wa sita, keshokutwa niko hapo."

Mama alifariki tarehe 29 Juni 2021, akazikwa kesho yake. Aidan alifika tarehe 2 Julai, akakuta udongo umeanza kukauka juu. Aliizima simu, akakaa pale kaburini hadi jua likazama, na hakuna aliyethubutu kumwita kula. Alipoiwasha Mbamba Bay, njiani kurudi, ilijaa matusi. Mteja mmoja aliandika hivi: "Pole na msiba, ila ungetuaga." Jioni ile alimwambia Tadea neno moja ambalo hakulirudia tena: "Mimi nikifa, nilaze kwa mama. Wasinibakize Mbinga." Tadea akamshika mkono, akaahidi.

Miguu ilianza kuvimba Februari 2023. Daktari alisema ni presha na figo, akamwandikia aende Mbeya kwa wataalamu bila kuchelewa. Aidan alisema apitishe mwezi wa tatu kwanza, wenye makadirio ya kodi wamalize. Ukaja wa sita. Ukaja wa tisa. Wateja walimwona anavyopumua akipanda ngazi mbili za ofisi, wakamwambia, "Pole sana, Bwana Challe, jikaze, sisi tunakutegemea." Mwaka huu mwezi wa tatu alikuwa anafanya kazi ameweka miguu ndani ya beseni la maji. Tadea alipiga magoti mbele ya beseni lile akamsihi waende Mbeya. Aidan alisema, "Mama Glorious, nikiondoka nani atawasomea?" Tadea alilia kwa hasira, na hana sababu ya kuficha.

Tarehe 17 Juni alianguka ofisini, akalazwa hospitalini Mbinga. Wateja walikuja. Walileta machungwa, na chini ya machungwa walileta kompyuta. Walisimama kwa foleni kando ya kitanda, yeye ana drip mkono mmoja na simu mkono mwingine, akisoma. Nesi aliwafukuza, wakarudi saa za kuona wagonjwa, wakisema ni ndugu.

Jumatatu tarehe 24, mchana, alikuwa hajitambui tena. Tadea alikuwa ametoka kuchukua uji. Aliporudi, aliona kutoka mlangoni mteja mmoja amepiga magoti, ameinama, ameushika mkono wa Aidan kwa mikono yake miwili. Jina lake tutalihifadhi. Anauza mabati. Tadea alisimama asimkatize mtu anayeomba, akajilaumu kwa yote aliyowahi kumwazia, na machozi yakamtoka. Kisha aliona mwanga kwenye shuka. Yule mtu alikuwa amekishika kidole gumba cha Aidan anakibonyeza kwenye simu ili ifunguke. Jasho lilizuia. Akakifuta kwa shuka, taratibu, akakibonyeza tena.

Na Aidan, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema kitu, akafumbua midomo. Alisoma namba, moja moja, kwa sauti ile ile ya siku zote, akamaliza, akanyamaza. Hazikuwa za mtu yeyote. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho hapa duniani. Alifariki Jumanne tarehe 25 Juni, saa nne asubuhi.

Jumatano wateja walituma wajumbe nyumbani. Walivua viatu mlangoni, wakakaa mkekani, wakatoa pole kwa mpangilio mzuri. Aliyesema kwa niaba yao ni huyo huyo wa mabati.

"Mama Glorious, tumekaa tukaona mwenzetu apumzishwe kwa heshima. Sanduku ni letu. Gari ni langu, na mafuta."

"Ahsante, Baba Herieth," Tadea akasema, na sasa jina limejulikana, haidhuru. "Tunaondoka lini?"

"Jumatatu, tarehe mosi."

"Leo ni Jumatano."

"Chumba cha maiti kina baridi ya kutosha, na marehemu hana haraka. Mwisho wa ritani ni Jumapili. Simu ile ikitelemka Chiwanda kabla ya hapo, sisi tumekwisha. Kama kusubiri ni kugumu, basi azikwe hapa hapa Mbinga kesho, tutajenga na kaburi zuri."

"Alitaka kulala kwa mama yake."

"Mama yake ameshamsubiri miaka mitatu, shemeji."

Watu wazima waliokuwa ndani ya nyumba waliangalia chini. Tadea hakuinua sauti. Alisema, "Juzi kule wodini ulimshika mkono."

"Alikuwa rafiki yangu."

"Ulimshika kidole gumba. Namba ziliingia?"

"Ziliingia," Baba Herieth akajibu kabla hajafikiri.

Walivaa viatu, wakatoka. Na gari likaondoka nao.

Jana Alhamisi asubuhi Tadea alikwenda kwenye duka la kampuni ya simu na kibali cha mazishi na kitambulisho cha mume wake. Binti wa kaunta alimpa pole, akamshauri kwa upole laini ihamishiwe kwake. Tadea akasema ifungwe. Binti akamweleza kwamba ikifungwa haitarudi. "Hata mwenyewe harudi, mwanangu," Tadea akasema, akaweka sahihi.

Kisha alikwenda sokoni akamtafuta Dastan, kijana anayepandisha usipa Mbinga na kurudi ziwani na gari tupu. Dastan aliliosha gari mara mbili, lakini usipa hauoshwi ukaisha. Glorious na Elias walitandika magunia ya kahawa, wakakaa pande mbili za sanduku, wakalishikilia kwenye kona zote hadi Mbamba Bay na kuendelea. Ndivyo Aidan alivyofika nyumbani jana jioni, akinukia kama alivyonukia siku ile anakwenda Songea.

Ameacha mjane, Tadea. Ameacha watoto wawili: Glorious, mwalimu, na Elias, aliye chuoni. Ameacha dada mmoja, Lidia, anayesoma haya. Na ameacha wateja.

Kwenu wateja, tangazo la familia ni hili. Simu ya marehemu iko mfukoni mwa Elias na mtu anaweza kuiona akitaka; ndani hamna kitu. Kila mmoja wenu aende mwenyewe ofisi ya kodi, na kitambulisho chake, akaandikishe namba yake. Leo ofisi inafungwa saa tisa na nusu, na kutoka hapa hamuiwahi hata mkikimbia sasa. Kesho ni Jumamosi. Itafunguliwa Jumatatu, tarehe mosi, siku mliyompangia kuzikwa. Wapo wema kati yenu, akina mama wa genge ambao hawakumkosea kitu, nao wataumia pamoja na wabaya. Tadea alilijua hilo, na aliifunga akilijua.

Familia inaomba mtu yeyote asiondoke kabla ya kutupia udongo. Baada ya watoto, atatangulia Baba Herieth.

Lala, mdogo wetu. Mama yuko mkono wako wa kulia, umechelewa lakini umefika. Upumzike kwa amani mahali ambapo hakuna atakayekuomba usome.