Kisanduku cha Kibondo Kilichokosa Majibu

Bwana apewe sifa! Na ninyi wa nyuma wenye mazoea ya kusinzia, leo amkeni, maana niliyonayo si ya kubembeleza. Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa upole. Nimemwambia nitajaribu. Kuahidi sikuahidi.

Wengi mnaijua kazi yangu. Nahudumia kompyuta katika ofisi ya misaada, hapa hapa Kibondo. Mnajua pia nimezaliwa Kagerankanda, na kwamba wazazi wangu walivuka kutoka Burundi kabla sijazaliwa. Nakumbusha hilo kwa sababu ndilo walilotaka kunimalizia.

Sasa vumilieni kidogo mambo ya mashine, hayaumi. Pale ofisini tuna kisanduku kinaitwa ruta. Chenyewe kinachukua ujumbe wa kompyuta zetu na kuupeleka Kasulu, ofisi kuu, kupitia mnara. Chetu ni cha zamani, hakitunzi kitu kichwani. Ukikizima kimesahau kila kitu, mpaka jina lake. Ukikiwasha kinaanza kuuliza kwenye laini: mimi ni nani? Anwani yangu ipi? Nani ananitunzia programu yangu? Kule Kasulu kuna kompyuta kubwa, seva, na kazi yake ni kujibu: wewe ni wa Kibondo, anwani yako hii, programu yako ichukue, mipangilio yako ndiyo hii. Kisanduku kikishapokea, kinaamka na kufanya kazi. Seva isipojibu kinauliza tu, kinauliza, kama mtoto anayegonga mlango na mama yuko shamba.

Seva hiyo ilikuwa chini ya bwana mmoja. Jina silitaji. Alitujia kutoka mjini na tai yake, na kila akifika Kibondo alikuwa anatufundisha ustaarabu. Mnajua sisi huku mawingu yakikusanyika tunafanya nini: unachomoa redio, unafunika kioo, unakaa mbali na mlango. Ofisini hivyo hivyo, radi ikianza tunazima kila kitu, na mimi niliandika wazi kwenye taarifa: tumezima kwa sababu ya radi. Yule bwana akacheka mbele za watu. "Bado mko porini nyie? Seva yangu haizimwi kamwe!" Kamwe! Na kidole juu.

Basi masika yakaja. Mvua inapiga mchana, tunazima. Inapita, tunawasha. Kisanduku kinauliza Kasulu, Kasulu kimya. Naona kwenye skrini kabisa: kimeuliza, hakuna jibu, kimeuliza tena, hakuna jibu. Mpaka kesho yake asubuhi ndipo kinajibiwa. Na mchana ndio wakati wa kutuma mahitaji ya kambi za wakimbizi ili malori yapakiwe. Malori yakaanza kuchelewa, mahindi yakachelewa, watu wakapanga foleni na mabakuli matupu. Nikampigia kwa simu ya upepo: "Kaka, seva haijibu." Anasema, "Seva haina tatizo. Tatizo ni mtu aliyeko huko."

Mtu aliyeko huko! Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo lilitembea kuliko baiskeli. Haikupita muda likawa: Mrundi anakata mawasiliano. Barua ikaja, nisimamishwe kazi, na suala langu lipelekwe kwa wanaohusika. Siku zile mnazikumbuka. Ukishaitwa Mrundi na umefanya hujuma, kinachofuata ni lori la kwenda kambini, wewe na wa kwenu wote. Mama yangu, mzee wa watu, miguu imevimba, akaanza kuuliza kama kambini watamruhusu aende na jiko lake. Ananiambia, "Mwana wanje, mwanangu, usilie, nimeshakimbia mara moja, najua namna ya kukimbia." Nililia, nisiwadanganye. Nililia mpaka macho yakagoma.

Na humu kanisani? Benchi langu lilipata nafasi ghafla. Kwaya ikaniambia nipumzike kwanza. Naam, nawatazama. Sitaji mtu, mnajijua.

Aliyenitoa gizani ni dereva wetu mmoja. Alikuja nyumbani, akakaa, akasema, "Dada, mimi nina watoto, ushahidi sitatoa. Ila nakwambia, yule bwana radi ikilia Kasulu anakuwa mdogo. Ofisi nzima inajua." Ofisi nzima inajua! Wanakunywa chai, wanajua, na mama yangu anawaza jiko lake. Hasira iliyonipanda siku ile ilinifaa kuliko uji.

Mkubwa wa kanda alipokuja Kasulu kunisikiliza, niliomba jambo moja tu: tukae chumba cha seva, baada ya chakula cha mchana. Yule bwana akakubali haraka, akaona nimejipeleka mwenyewe. Dereva akanipeleka, ingawa alikatazwa kunipakia.

Tukakaa. Bwana akasimama na tai yake, akaanza. Mtu wa asili fulani, uaminifu, usalama wa nchi. Anaongea kama anahutubia uwanja. Mimi natazama dirishani, mawingu yanateremka kutoka upande wa Munanila, meusi tii. Radi ya kwanza ikalia mbali. Sauti ikakwama kidogo, akaendelea. Ya pili ikapiga karibu, vioo vikatetemeka.

Mana yanje, Mungu wangu! Yule mwanaume aliacha sentensi katikati. Aliruka kiti, akachomoa waya wa seva ukutani, akatoa kitenge kwenye droo, akaifunika seva gubigubi, akarudi nyuma mpaka kona. Akili ilipomrudia, sote tulikuwa tunamtazama, na plagi bado iko mkononi.

Mkubwa akauliza taratibu, "Hiyo ndiyo isiyozimwa kamwe?"

Anasema, "Nilikuwa... naikinga."

Mvua ilipopungua mkubwa akapiga Kibondo. Dada niliyemwachia kazi akajibu, "Radi imepita na huku, tumewasha. Kisanduku kinauliza, hakijibiwi." Mkubwa akarudisha waya kwa mkono wake mwenyewe. Tukasubiri. Dada akapiga kelele kule, "Kimejibiwa! Kinapokea!"

Kumbe masika yote akisikia radi alikuwa anachomoa, anarudisha asubuhi. Kazi nikarudishiwa, mashtaka yakafutwa. Bwana akaniambia, "Yaliyopita si ndwele." Hiyo ndiyo samahani yake yote. Mchungaji ananiuliza kama nimesamehe. Nimesamehe. Kumheshimu ndiko nimeshindwa, mniombee.

Namshukuru Mungu aliyeleta mawingu kwa saa yake. Namshukuru dereva, dada wa simu, na mama mmoja wa hapa ambaye hakuhama benchi. Wengine salamu zenu nimepokea, zilichelewa.

Na fundisho langu ni fupi. Wanaoogopa radi, nyoosheni mikono. Mimi huu hapa wangu. Nyoosheni, msione aibu, hata wewe mzee wa kanisa. Mchungaji pia? Asante. Tazameni nyuma yenu, tazameni mbele, kanisa zima. Kuna aliyekufa?

Mama yangu nusura apakiwe kwenye lori kwa sababu mwanaume mmoja alishindwa kufanya hivi tu.

Haya, shusheni.