Kijiji Kilichoingizwa Jijini

Treni ilikuwa ikishuka kutoka milimani kwenda Nürnberg, jiji la Ujerumani. Gerlinde, mjane wa makamo, alimgeukia kijana mwenye tai aliyekaa ubavuni mwake.

"Eti kijiji chetu sasa kimeingizwa kwenye mkoa wa jiji?"

"Zamani, mama! Nyinyi ni watu wa Nürnberg kama sisi."

"Mbona basi wodi ya uzazi ya kwetu imefungwa?"

"Mjini kuna hospitali kubwa zaidi."

"Ni mbali, mwanangu. Binti yangu alijifungulia njiani, kwenye theluji. Mtoto hakulia."

Kijana akailegeza tai yake.

"Leo nakwenda kumchukua binti hospitalini. Ananiuliza, turudi kijijini kufanya nini? Hebu nisaidie, nimjibu nini?"

Treni ikasimama. Kijana akamshushia mkoba, akakwepa macho yake.